Mali Bila Daftari: Maneno Juu ya Kamati za Timu Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa upande wa Migori na Homa Bay)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya kamati za michezo. Huenda wako wanaojiuliza moyoni: chama cha wafanya kazi kina shauri gani na mpira? Sisi hukutana kwa ajili ya mishahara, nyumba, saa za kazi na haki za wazee wanaostaafu. Hayo ni kweli. Lakini haupiti mwezi bila sisi kutoa shilingi zetu kwa timu. Wengine hulipa mlangoni siku ya Jumapili. Wengine huchangia jezi, viatu na nauli. Wachezaji wenyewe ni watoto wetu na wadogo zetu. Na sasa baadhi ya wanachama wameleta ombi kwamba mfuko wa tawi usaidie timu za kandanda na za netiboli za upande huu.

Ombi ni jema. Lakini kabla mkono haujaingia mfukoni ni haki yetu kuuliza: fedha zikitoka, nani atazishika, na nani atarudi kutuambia zilikokwenda?

Neno letu leo ni moja tu. Timu haifi uwanjani. Uwanjani hufungwa, ikalia kidogo, na Jumapili ijayo hucheza tena. Timu hufa mezani, ndani ya kamati.

MAMBO YALIYOTOKEA KWETU

Tuanze karibu na nyumbani. Awendo kuna kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini kilichoanza mwaka 1979. Kiwanda kile kilikuwa na timu yake, SoNy Sugar, iliyochezea Green Stadium. Mwaka 2006 timu ile ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Siyo timu ya Nairobi, siyo ya Mombasa: ni timu ya mji wa miwa, iliyopigiwa makofi na wakata miwa, mafundi wa mitambo, makarani na mama wauza samaki.

Miaka 13 baadaye, mwaka 2019, timu ile ile iliondolewa katika Ligi Kuu. Haikuondolewa kwa wingi wa mabao iliyofungwa. Iliondolewa kwa kukosa kufika katika mechi tatu, na sheria ya ligi ilikuwa kwamba anayekosa mara tatu hutoka. Mwaka ule kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyokuwa mdhamini mkubwa wa mpira nchini, ilikuwa imeacha kutoa fedha. Viwanda vya sukari vya Serikali navyo vilikuwa vimelemewa na madeni, na wafanya kazi wa viwanda hivyo wanajua wenyewe mishahara ilivyochelewa. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Kiwanda kinachodaiwa mishahara hakiwezi kulipa basi la wachezaji kwanza. Twasema tu kwamba timu yenye mfuko mmoja ina uhai mmoja.

Tena lipo swali lililobaki. Mwaka 2025 Serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari kwa kampuni za watu binafsi, na cha Awendo kimo. Mwenye kiwanda akibadilika, timu ni ya nani? Jezi na vikombe vilivyowekwa kabatini ni mali ya nani? Mashabiki waliopiga kelele miaka arobaini hawana karatasi hata moja yenye majina yao. Walikuwa na mapenzi, lakini hawakuwa na kura.

Twende kwa timu nyingine tunayoipenda wengi wetu, Gor Mahia. Jina lake ni la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, hapa hapa Homa Bay. Iliundwa mwaka 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars. Mwaka 1987 ilitoka sare 2-2 na Espérance mjini Tunis, ikatoka sare 1-1 nao Nairobi, ikachukua Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kuleta kombe la Afrika nyumbani.

Lakini baada ya kushinda ligi mwaka 1995, haikushinda tena mpaka mwaka 2013. Hesabuni: ni miaka 18. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alipata kitambulisho kabla ya kuona ubingwa. Je, katika miaka hiyo vijana wa Nyanza walisahau kupiga mpira? Hapana. Ila mara nyingi mashabiki walisikia ugomvi wa viongozi kuliko vigelegele vya ushindi.

NA NCHI NZIMA

Yaliyo katika timu ndogo yako pia katika kubwa. FIFA, chama cha mpira cha dunia, imeifungia Kenya zaidi ya mara moja kwa sababu ya magomvi ya uongozi: mwaka 2004, mwaka 2006, na tena mwaka 2022.

Hili la mwisho twalikumbuka vizuri. Novemba 2021 Waziri wa Michezo aliiondoa kamati ya Shirikisho la Kandanda, akisema halikutoa hesabu sawasawa ya fedha za Serikali. Shirikisho lilikana. Waziri akaweka kamati ya muda. FIFA ikasema Serikali haina ruhusa kuingilia, na Februari 2022 ikaifungia nchi. Kifungo hakikuondolewa mpaka Novemba 2022.

Katika vita vile vya wakubwa, nani aliumia? Wanawake wetu wa Harambee Starlets hawakucheza na Uganda mechi ya kutafuta nafasi ya Kombe la Afrika, na Uganda ikapita bila kutoka jasho. Harambee Stars waliondolewa katika mashindano ya kufuzu kwa Kombe la Afrika. Tusker, mabingwa wa nchi, hawakwenda kucheza na mabingwa wa Afrika. Wachezaji hao hawakushika kitabu cha hesabu hata siku moja. Wakubwa waligombana juu ya meza, na adhabu ikaanguka juu ya miguu ya vijana.

Lakini tuseme na mema. Desemba 2024 wajumbe walikutana, wakapiga kura, na uongozi wa Shirikisho ukabadilika kwa karatasi za kura. Hakuna waziri aliyevunja mlango. Mwaka uliofuata, Agosti 2025, Kenya pamoja na Tanzania na Uganda zilikuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN, na Harambee Stars wakafika robo fainali. Hatusemi kura ndiyo iliyofunga mabao. Twasema kwamba nchi isiyo kifungoni hupata nafasi ya kucheza.

KITABU NI NGAO

Sisi watu wa chama hatuna sababu ya kushangaa mambo haya, maana tumeyasoma zamani. Twamkumbuka Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga tangu mwaka 1969. Kabla hajawa waziri alikuwa mtu wa vyama vya wafanya kazi. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi vya Kenya. Siku zile Serikali ya kikoloni ilivitazama vyama kwa jicho baya. Chama kisichopeleka hesabu kwa Msajili kilikuwa kimeleta kamba ya kujifungia chenyewe. Basi wazee wetu wakajifunza kwamba daftari ni ngao. Adui akija kutafuta kosa, mfungulie kitabu asome mwenyewe.

Kwa nini basi mtu yule yule anayedai risiti katika chama hanyanyui mdomo katika timu? Akikatwa shilingi moja ya ada isiyojulikana atakuja ofisini na hasira. Jumapili atatoa shilingi mia mlangoni mwa uwanja, asiulize neno. Ati ni mchezo tu. Ndugu, fedha hazijui kwamba ni mchezo.

MAMBO YA KUDAI

Twapendekeza mambo saba. Timu yoyote itakayoomba msaada wa wanachama iyatimize kwanza.

Kwanza, katiba. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 yataka vyama vya michezo viandikishwe kwa Msajili wa Michezo, na kila kimoja kiwe na katiba yake. Lakini katiba iliyofungiwa katika mkoba wa katibu si katiba. Isomwe mbele ya watu, kwa lugha wanayoisikia: Kiswahili, Kijaluo, Kikuria. Upande huu tuna Wajaluo, Wasuba, Wakuria, Wakisii, Waluhya na Wasomali. Timu ya mji isiwe timu ya ukoo mmoja.

Pili, orodha ya wanachama. Hapa ndipo wizi mwingi huanzia, na watu hawaoni. Timu ina mashabiki elfu tano, lakini ukiuliza nani mwanachama hakuna ajuaye. Siku ya uchaguzi likaja basi limejaa watu wasiojulikana, wakanyoosha mikono, jioni wakarudi kwao na fedha ya chai. Wenye timu wamebaki wakitazamana. Shabiki hana kura. Mwanachama ndiye mwenye kura. Basi majina yaandikwe kitabuni, ada iwe ndogo ili mchuuzi na mvuvi waweze kuilipa, na kitabu kifungwe siku 30 kabla ya uchaguzi. Asiyekuwamo asipige kura, hata kama ni mtu mkubwa.

Tatu, uchaguzi na muda. Kura ziwe za siri. Muda utajwe, na ukiisha mtu aondoke. Tunao wenyeviti wa timu waliokaa mpaka wachezaji wa kwanza wamekuwa babu. Hata akiwa mwema, akikaa mno watu husahau kwamba kiti si chake, na yeye mwenyewe husahau kabla yao.

Nne, fedha. Hapa tutakaa kidogo.

Tuchukue mfano. Watu 400 wameingia uwanjani, kila mmoja kwa shilingi 50. Hizo ni shilingi 20,000. Jioni kamati yasema zimepatikana 11,000. Nani atabisha? Hakuna aliyehesabu watu. Lakini tiketi zikiwa na namba, zilizobaki zikahesabiwa mbele ya watu wawili, hakuna haja ya kubishana. Namba zitasema zenyewe.

Vilevile fedha za simu. Siku hizi michango hutumwa kwa M-Pesa, na mara nyingi hutumwa kwa namba ya mweka hazina mwenyewe. Hata akiwa mtu mwaminifu sana, fedha za timu zimechanganyika na fedha za unga wa nyumbani kwake. Akifa leo, au akigombana na kamati, timu itadai nini? Michango iende kwa namba iliyoandikishwa kwa jina la timu, iingie benki, na kutoa kuwe kwa sahihi tatu.

Sisi wa reli twalijua jambo hili. Penye njia moja, dereva haingii kipande cha mbele mpaka apate kibali cha stesheni masta. Si kwamba dereva hafai au hajui kazi. Ni kwa sababu upande wa pili huenda kuna treni nyingine inayokuja, na watu wako ndani. Sahihi tatu ni kibali kama hicho. Si kumtukana mweka hazina. Ni kumlinda, na kutulinda sisi.

Tano, wakaguzi. Wachaguliwe watu wawili au watatu wasio katika kamati na wasio ndugu wa wanakamati. Kila miezi sita wafungue vitabu, na waliyoyaona yasomwe mbele ya wanachama wote, mazuri na mabaya. Yule wakili tunayesoma habari zake katika Injili aliitwa atoe hesabu ya kazi yake, naye alikuwa na bwana mmoja tu. Kamati ya timu ina mabwana mia tano. Itawezaje kukataa?

Sita, mtu asiuze na kununua mwenyewe. Mwenyekiti mwenye duka la nguo asiiuzie timu jezi kwa bei aliyoipanga yeye. Mwenye matatu asikodishe matatu yake kwa timu huku yeye ndiye atiaye sahihi. Kama bei yake ni nzuri kweli, na aseme mbele ya kamati kwamba biashara ni yake, atoke nje, wenzake waamue, na jambo hilo liandikwe katika kitabu cha mkutano.

Saba, wachezaji na wanawake wakae mezani. Mchezaji ndiye ajuaye kama chakula kilipatikana na kama aliyevunjika mguu alipelekwa hospitali. Na timu za wasichana zisiwe kama yatima wa kuvaa jezi kuukuu za kaka zao. Katiba ya nchi ya mwaka 2010 yaweka kanuni kwamba watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya umma vinavyochaguliwa. Kanuni hiyo ni njema kwa timu ya kijiji pia.

PAKIWA NA UGOMVI

Watu wakikosana, wasikimbilie ngumi, wala wasikimbilie mwanasiasa. Kwanza waketi kwa katiba yao. Wakishindwa, sheria ile ya 2013 iliunda Baraza la Migogoro ya Michezo. Baraza hilo si la kupuuzwa: Desemba 2019 lilifuta uchaguzi wa Shirikisho la Kandanda, na Machi 2020 likafuta tena, mpaka uchaguzi ukafanywa upya mwezi wa Oktoba 2020. Kama wakubwa wa nchi waliambiwa warudie, kamati yetu ndogo nayo yaweza kuambiwa.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako wasemao: “Timu yetu ina mfadhili. Mheshimiwa hutoa kila kitu. Ya nini kusumbuana na vitabu?” Twajibu: mheshimiwa hutoa wakati wa kura. Kura zikipita, simu yake haishikwi. Na anayenunua mipira yote ndiye atakayesema nani acheze. Zawadi yake ipokewe kwa shukrani na kwa risiti, iandikwe kitabuni, asipewe kiti kwa sababu yake.

Wengine husema: “Sisi ni watu wa darasa la saba. Mambo ya hesabu ni ya wasomi.” Si kweli. Mama auzaye omena pale pwani ya Homa Bay anajua mtaji wake, deni lake na faida yake bila digrii yoyote. Hesabu za timu ya mtaa ni kujumlisha na kutoa. Kinachokosekana si elimu. Ni ujasiri wa kusimama na kusema: nionyesheni.

Na wengine hunong’ona kwamba haya yatawavunja moyo wanaojitolea. Ni kweli, kazi ya kamati haina mshahara, na wako watu waliouza mbuzi wao ili timu isafiri. Hao tunawaheshimu. Lakini mtu wa namna hiyo ndiye wa kwanza kuumizwa pasipo na daftari, maana watu husema amekula, naye hana karatasi ya kujitetea. Vitabu safi ni heshima ya mtu mwaminifu.

Mwisho, tujitazame na sisi. Asiye na boriti jichoni ndiye amtoe mwenzake kibanzi. Katika tawi letu ofisa wa chama asiwe pia mweka hazina wa timu inayopokea fedha za chama. Mkono utoao na mkono upokeao usiwe wa mtu mmoja.

TUNALOOMBA LEO

Bwana Mwenyekiti, serikali ya nchi yetu imejenga viwanja. Madaraka ya mwaka 2025 yaliadhimishwa kitaifa hapa Homa Bay, katika Uwanja wa Raila Odinga, nasi tulifurahi. Lakini saruji haiendeshi timu. Uwanja mzuri wenye kamati mbovu ni malisho mazuri ya mbuzi.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Moja, mfuko wa tawi usitoe shilingi hata moja kwa timu isiyo na katiba, orodha ya wanachama, akaunti ya benki na wakaguzi. Mbili, tuchague wanachama wawili wanaojua vitabu, wazitembelee timu zilizoomba msaada na kuzifundisha kuandika hesabu, bila malipo. Tatu, kila mmoja wetu aandikishwe mwanachama katika timu anayoipenda, alipe ada, na akae katika mkutano wake wa mwaka mpaka mwisho, hasa wakati wa kusoma hesabu, ambapo watu wengi hutoka nje kuvuta hewa.

Tukikubali, fedha zitatoka polepole kuliko wengi walivyotaka, na pengine msimu huu timu fulani itakosa jezi mpya. Afadhali jezi kuukuu yenye timu ndani yake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu hapa si shilingi peke yake. Ni vijana wetu.

Hayo ndiyo tuliyotumwa kusema. Twaomba maswali, na baada ya maswali twaomba kura.